Hela Haijapotea, Imekosa Jina

Kaunta ya Mama: majibu kwa wasomaji kuhusu benki na hela

Wasomaji wapya wananiuliza mimi ni nani hata nijibie watu mambo ya benki. Nilikaa nyuma ya kioo cha benki miaka 27. Tisa ya kwanza nilikuwa Kigoma mjini, iliyobaki hapa Tabora, na kumi na moja ya mwisho nilikuwa meza ya fedha za kigeni, meza ya TT kama tulivyozoea kuiita. Sasa nimestaafu, nipo Isevya na kuku wangu. Barua nazisomea barazani, na mwezi huu zimekuja tatu za jambo moja: hela ya nje. Ya kwanza ni ndefu na nimeipenda, kwa sababu aliyeiandika ameambatanisha kila karatasi. Laiti wateja wangu wa zamani wangekuwa hivyo.

Barua ya kwanza

Shikamoo Mama wa Kaunta. Mimi ni mhazini wa kikundi cha wafuga nyuki wilaya ya Sikonge, tuko watu 34. Mwaka huu tumeuza nta kilo 1,200 kwa kampuni ya mishumaa iliyoko Hamburg, Ujerumani, kwa dola 7.50 kila kilo, jumla dola 9,000. Tulipatana watangulize asilimia 30, na 70 walipe mzigo ukishapanda meli Dar es Salaam na sisi tukishawaonyesha nakala za hati. Mara ya kwanza walituma dola 2,700, tukapata 2,655. Wanachama waliniuliza dola 45 zimekwenda wapi, nikakosa jibu, wakaguna.

Sasa zile dola 6,300 mnunuzi anasema alizituma Alhamisi tarehe 2 Julai. Leo ni Jumatatu tarehe 13, siku kumi na moja, na kila nikienda tawini naambiwa "haijaingia". Mzungu ametuma picha ya karatasi ya SWIFT, ile ya benki yake inayoonyesha ametuma, na anasema kwa kuwa tumeiona, tumpelekee hati halisi za mzigo kabla meli haijafika. Awali fomu ya benki yake ilidai kitu kinaitwa IBAN, karani wetu akasema hatuna, naye hakuamini. Pia kuna wanachama wanaotaka hela ikiingia wagawiwe dola zenyewe. Na kuna wanaosema nimezila. Juzi mtoto wa jirani alimwambia mwanangu shuleni kwamba mama yako analalia mto wa dola. Naomba msaada. Mhazini, Sikonge.

Jibu

Marahaba mwanangu. Pole kwa huo mto, na mtoto wako amjibu mwenzake kwamba ndani kuna sufi tu.

Nimezitandaza karatasi zako mkekani asubuhi, kuku nikawafungia, nikavaa miwani. Nianze na nilichokiona kwa macho. Proforma ya Februari, yaani invoisi ya awali, uliiandika wewe mwenyewe kwa mkono, na jina la kikundi liko kwa Kiswahili, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti. Invoisi ya mwisho imechapwa kwa kompyuta, ina picha ya nyuki pembeni, inapendeza kweli. Ila jina la kikundi limegeuka Kiingereza! Nilipokupigia simu ukanieleza kwamba mna kijana aliyemaliza chuo, ndiye anayewasaidia kompyuta, na aliona mzungu hataelewa maana ya "wafuga nyuki". Haya, sasa itazame karatasi ya SWIFT sehemu ya mpokeaji, ile ambayo sisi wa zamani tuliiita hamsini na tisa. Namba ya akaunti ni yenu. Jina ni lile la kijana. Mzungu wa watu hana kosa, alinakili alichoandikiwa.

Akaunti yenu haijui Kiingereza, mwanangu. Karani wa makao makuu anayepokea ujumbe anaona namba inayosema kikundi hiki na jina linalosema kikundi kingine, na kwake hao ni watu wawili. Hakuajiriwa kutafsiri. Akikisia akakosea, hela imekwenda kwa mtu baki na yeye kazi hana. Kwa hiyo anaitoa njiani, anaiweka kwenye akaunti ya kungojea, sisi tuliiita kapu, anaiuliza benki iliyotuma, anakaa. Wewe ukifika tawini, karani wa pale anafungua akaunti yako, anakuta hakuna kitu, anakujibu "haijaingia". Amekwambia kweli. Hukumuuliza iko wapi.

Sijaiona hela yenyewe, kwa hiyo hapa naweka dau. Lakini kwa miaka ile kumi na moja mteja akija na malalamiko kama yako nilikuwa naanza na jina, na mara nyingi sikuhitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Hata malipo yako ya kwanza yanashuhudia: proforma ilikuwa na jina la Kiswahili, na hela ikaingia bila mtu kupiga simu.

Utauliza, jina lina uzito gani hivyo wakati namba ni sahihi? Watu wengi wanaidhani SWIFT ni kama lori la Scania linalobeba masanduku ya hela kutoka Ulaya. SWIFT ni chama cha mabenki, kilianzishwa 1973, makao yake ni La Hulpe kule Ubelgiji, na kazi yake ni kupeleka ujumbe kutoka benki hii hadi ile. Hela haigusi hata senti. Benki ya mnunuzi wako pale Hamburg pengine haina akaunti yoyote na benki yako ya hapa nchini. Ila zote mbili zina akaunti za dola kwenye benki kubwa za New York. Ujumbe ukipita kule, wanapunguza dola 6,300 kwenye daftari la Hamburg, wanaongeza kwenye daftari la Dar es Salaam, kisha Dar es Salaam inaambiwa: hizi ni za fulani. Safari yote hiyo ni maneno na madaftari. Ndiyo maana neno moja likikosewa, hakuna sanduku mahali ambalo mtu anaweza kwenda kulifungua akachungulia.

Wazee wa Tabora wangelielewa hili upesi kuliko sisi. Enzi za Kazeh, Tabora ya zamani, misafara ilipokuwa inatembea miezi kutoka pwani, tajiri wa hapa alinunua pembe kwa shanga na kitambaa cha merikani, kitambaa kilichobeba jina la nchi kilikofumwa, na bidhaa hizo alizikopa Unguja. Deni lilifutwa Unguja kwenye daftari la mkopeshaji pembe zikifika. Hakuna aliyevuka pori na kasha la fedha kichwani. Nimetoka nje ya mada, naomba radhi. Nta nayo iliwahi kwenda pwani kwa njia hizo hizo, ndiyo maana nimekumbuka.

Turudi kwenye siku zako kumi na moja. Dola zinapita New York, na mwezi huu wa saba New York iko nyuma yetu kwa saa saba. Wao wakifungua ofisi saa 3 asubuhi, Tabora ni saa 10 jioni, tawi lako linafunga mlango. Kwa hiyo Alhamisi ya Hamburg kwako ni Ijumaa, ikikawia kidogo ni Jumatatu. Toa Jumamosi na Jumapili mara mbili, toa Saba Saba iliyoangukia Jumanne, umebaki na siku sita za kazi. Ingekuwa siku tatu au nne ningekwambia ulale. Sita na karatasi yenye jina jingine, usilale.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mwandikie mnunuzi aiombe benki yake mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, namba ya kufuatilia iitwayo UETR, ni ndefu, ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari vyake. Ingekuwa kwenye nakala yako, ila aliyepiga picha alikunja karatasi na mkunjo umeila. Kwa namba hiyo benki inaweza kuona ujumbe umesimama wapi. La pili, na hili ndilo dawa, benki yake itume ujumbe wa kusahihisha jina la mpokeaji, na jina umwandikie wewe kwa kulinakili kutoka kwenye taarifa ya akaunti, usiliandike kwa kumbukumbu. Benki yake ikidai ada ya marekebisho, lipeni nyinyi. Kosa lilizaliwa Sikonge.

Wakati huo huo nenda tawini na barua iliyotiwa sahihi na wote wenye sahihi kwenye akaunti, pamoja na proforma, invoisi, cheti cha usajili wa kikundi na hiyo picha ya SWIFT. Usiulize kama imeingia. Sema: "Naomba makao makuu waulizwe kama kuna ujumbe wa dola 6,300 kutoka Hamburg uliosimama kwa sababu ya jina." Karani akisema mfumo hauonyeshi, muombe meneja wa tawi atume barua pepe mbele yako. Nilikuwa upande ule wa kioo, najua tofauti kati ya mteja anayeuliza na mteja anayesubiri kuona barua pepe ikienda. Msikawie, kwa sababu hela ikikaa kapuni bila majibu inarudishwa ilikotoka, na ikirudi inakatwa ada njiani kama ilivyokatwa ikija, halafu mnaanza upya.

Usishangae pia ukiulizwa maswali yanayoonekana ya kipolisi. Nilikuwa na mteja wa Urambo, majina yake la mbele na la nyuma ni ya kawaida kama mchele wa Nzega, na mara mbili hela yake ilisimamishwa nje kwa kuwa jina lilifanana na la mtu fulani kwenye orodha za vikwazo. Tulipopeleka tarehe yake ya kuzaliwa ikaachiwa. Alikasirika sana, akasema kwani mimi gaidi wa karanga? Halafu kuanzia Oktoba 2022 nchi yetu ilikuwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji fedha, na ikatolewa Juni 2025. Ndiyo maana baadhi yenu miaka ile mlidaiwa makaratasi hadi mkachoka. Yatunzeni. Mkataba, invoisi, kibali cha kusafirisha nta, hati za forodha, vyote vikae faili moja.

Sasa dola 45. Hizi nakujibia kwa raha kwa sababu taarifa ya akaunti uliyonitumia inazionyesha waziwazi, ila ziko mistari miwili na wewe ulisoma salio. Mstari wa kwanza unasema zimeingia dola 2,675. Wa pili, siku hiyo hiyo, unasema zimetoka 20. Hizo 20 ni ada ya benki yako kupokea hela ya nje. Na 25 zilikatwa na benki ya njiani kabla hela haijafika nchini. Kwenye karatasi ya SWIFT kuna mahali pa kuonyesha nani anabeba gharama. Ikiandikwa OUR, mtumaji anabeba za njiani zote. Ikiandikwa BEN, mpokeaji anazibeba. Ikiandikwa SHA, mtumaji analipa za benki yake na zinazobaki ni juu yenu. Yenu ni SHA. Nyinyi mkikuta SHAR msidhani ni kosa la chapa. Muundo mpya wa ujumbe, ambao tangu Novemba 2025 umeshika nafasi ya ule wa zamani tuliouzoea, MT103, ndivyo unavyoandika.

Waambie wanachama: dola 45 kwa watu 34 ni dola moja na senti thelathini na mbili kila kichwa. Wanaoguna waambiwe hivyo kwenye mkutano, na taarifa ya akaunti ipitishwe mkono kwa mkono wote waione ile mistari miwili. Mhazini asiyeonyesha karatasi huonekana mwizi hata kama ni mtakatifu. Mwakani andikeni kwenye mkataba kwamba malipo yaje kwa OUR. Akikataa, ongezeni senti chache kwenye bei ya kilo na msibishane naye, maana mteja anayelipa nta dola 7.50 hapatikani kila msimu. Ada ya benki yenu ya kupokea inaweza kubaki hata kwa OUR, kwa hiyo msiahidiane kwamba zitaingia 6,300 kamili.

IBAN ni rahisi, ni namba ya akaunti iliyoandikwa kwa mtindo wa kimataifa. Tanzania haitumii IBAN. Wajerumani wanayo, yao inaanza na DE na ina jumla ya herufi na tarakimu 22, ndiyo maana mzungu hakuamini kwamba kuna nchi haina. Mahali pa IBAN aweke namba yenu ya akaunti kama ilivyo, na chini yake kodi ya SWIFT ya benki yenu. Nasema kodi ya SWIFT, si ile kodi ya TRA. Mwaka fulani mteja aliniuliza kwa nini anatozwa kodi na Wabelgiji. Hiyo kodi ina herufi nane au kumi na moja, nne za mwanzo ni za benki, na ya tano na ya sita ni TZ. Ukiletewa kodi ambayo ya tano na ya sita si TZ, hela inakwenda nchi nyingine.

Hati halisi za mzigo usimpe. Hapa nakaza sauti. Karatasi ya SWIFT ni ushahidi kwamba kuna ujumbe ulitumwa, na wewe mwenyewe sasa unaona ujumbe unaweza kutumwa na hela isikufikie. Hati halisi ya kupakia melini, BL, ndiyo inayomruhusu mtu kuchukua mzigo bandarini Hamburg. Ukishampa, nta ni yake na wewe umebaki na picha. Simsemi vibaya mnunuzi wako; alilipa kitangulizi vizuri na nadhani ni mtu mwaminifu. Mtu mwaminifu hataumia kusubiri wiki moja wakati meli bado iko baharini. Mjibu kwa heshima kwamba hati zitaondoka siku hela itakapoonekana kwenye akaunti. Msimu ujao mpatane hati zipite benki kwa benki: benki yenu izipeleke kwa benki yake, na yake isimkabidhi hadi alipe. Inagharimu zaidi kidogo, na inawaondolea nyote wawili huu wasiwasi.

Wanaotaka wagawiwe dola, hapana. Kupokea dola kutoka nje kwenye akaunti ya dola ni halali na hakuna anayewazuia. Lakini kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni, Tangazo la Serikali Namba 198, zilizoanza 28 Machi 2025, zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Mwanachama alileta nta, analipwa nta yake, hapa Sikonge: alipwe shilingi. Nyinyi mtaiuzia benki dola, na hapo ndipo kuna hela ambayo vikundi vingi vinaiacha mezani. Bei iliyobandikwa ukutani ni ya mtu mwenye dola mia. Mwenye 6,300 anaruhusiwa kuomba bei nzuri zaidi. Muombe meneja awapigie watu wa makao makuu wanaopanga bei, na siku hiyo hiyo uliza benki ya pili ya mjini wananunua kwa ngapi, umwambie. Wakikuongezea shilingi 30 tu kwa kila dola, ni shilingi 189,000. Zile dola 45 zilizowafanya wagune hazifiki hapo.

Na kijana wenu wa kompyuta msimfukuze. Invoisi yake ni nzuri, nyuki abaki. Abadilishe jina tu.

Barua ya pili

Mama shikamoo. Nipo Ujiji, Kigoma. Nachora nembo na mabango kwa kompyuta, na kampuni moja ya Canada imenipa kazi ya dola 400 kwa mwezi. Sina akaunti ya dola. Anko wangu wa Mwanga anayo. Naweza kuwapa ya kwake? Au wanitumie kwa simu?

Jibu

Marahaba. Ya anko usiitumie, hata kama mnapendana. Mkataba una jina lako, hela inakwenda kwa jina jingine: kampuni itaulizwa na benki yake, na anko ataulizwa na ya kwake anafanya kazi gani ya Canada wakati fomu yake inasema anauza dagaa. Halafu, Mungu apishe mbali, anko akitangulia, mshahara wako unaingia kwenye mirathi na shangazi zako wote.

Fungua yako. Nenda na kitambulisho cha NIDA, TIN, na ule mkataba. Kama dola hazikushughulishi, hata akaunti ya shilingi inapokea hela ya nje, benki inaibadilisha kwa bei yake ya siku ile. Kwa simu inawezekana kwa baadhi ya huduma, ila nyingi zimetengenezwa kwa ndugu kumtumia ndugu, na mhasibu wa kampuni mara nyingi hana njia ya kulipa hivyo. Muulize kabla ya kuahidiana.

Jambo la kuangalia kwako ni ukubwa wa hela. Umesoma hapo juu mwenzako alivyokatwa dola 45. Ukikatwa 45 kwenye 400 umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Waombe wakulipe kila baada ya miezi mitatu, dola 1,200 kwa mara moja, kama unaweza kuvumilia. Kama huwezi kuvumilia, kila miezi miwili.

Barua ya tatu

Mama, nauza asali hapa Tabora mjini. Mteja wa nje niliyempata mtandaoni alitakiwa kulipa dola 3,000. Amenitumia SWIFT ya dola 5,000, anasema mhasibu wake alikosea, na anaomba nimtumie 2,000 zilizozidi kwa mtu wake aliyeko Dar es Salaam, leo hii, kwa simu. Hela yenyewe bado haijaingia lakini SWIFT ninayo.

Jibu

Hajatuma kitu. Picha kama hiyo mtu anaitengeneza kwenye kompyuta kabla chai haijapoa. Usimtumie huyo mtu wa Dar es Salaam hata mia mbovu, na namba yake ya simu ipeleke polisi. Ikitokea muujiza dola 5,000 zikaingia kweli, usizirudishe wewe. Iandikie benki yako irudishe kilichozidi kwa njia ile ile kilikopita, kwa jina lile lile lililotuma.

Na asali usiitoe dukani.

Nilipokuwa nafunga ukurasa

Mhazini wa Sikonge amenipigia. Ujumbe umeonekana, ulikuwa kapuni Dar es Salaam tangu tarehe 6, na sababu ni jina. Hamburg wameshatuma marekebisho. Hela iliyofika ni dola 6,275, kwa hiyo ile benki ya njiani imechukua 25 zake tena kama kawaida, na ada ya kupokea itafuata ikiingia.

Bado haijaingia. Tawi limerudisha barua ya kikundi kwa sababu ina sahihi zote tatu lakini haina mhuri. Mhuri uko kwenye kasha la mwenyekiti, ufunguo wa kasha anao mwenyekiti, na mwenyekiti yuko kambini porini, anarina, mahali ambapo simu inashika ukipanda juu ya kichuguu. Aliyetumwa kwa baiskeli kumfuata ni yule kijana wa kompyuta.